Kutoka Kalongo Hadi Jikoni: Mwongozo Kamili wa Kuwafanya Watoto Wapende Kazi za Nyumbani

Pita mitaa ya Manyatta au Nyalenda hapa Kisumu shule zikiwa zimefungwa, uwatazame watoto wakicheza kalongo. Mmoja ni mama, mwingine ni baba, wa tatu kafungwa kwa leso mgongoni mwa mwenzake ingawa miguu inaburura chini. Wanasonga ugali wa udongo, wanakatakata majani ya ua yawe sukuma wiki, wanafagia nyumba iliyochorwa mchangani kwa kijiti. Hakuna aliyewatuma. Jioni watoto hao wakiitwa waje waoshe vyombo, nyuso zinabadilika.

Mzazi mwenzangu akiniuliza afanyeje ili wanawe washike ufagio bila kukimbizwa, huwa namrudisha kwenye kalongo. Kazi ni zile zile. Tofauti ni kwamba kule wamechagua wenyewe nani awe nani, wako pamoja, kila jambo lina mwanzo na mwisho unaoonekana, na hakuna mtu mzima aliyesimama kando akitafuta makosa. Mwongozo huu unajaribu kuyahamishia mambo hayo manne jikoni, uani na kwenye kamba ya nguo. Nimeuandikia nyumba za huku kwetu, kuanzia vyumba vya kupanga vya Kondele na Free Area ya Nakuru mpaka maboma ya Vihiga na Kakamega yenye kuku, ng'ombe na mahindi.

Hatua ya 1: Mkaribishe angali anasumbua

Mtoto wa miaka miwili huufuata ufagio popote uendapo. Ukifua anatia mkono kwenye povu, ukipanga nyanya anazipangua. Huo ndio wakati wenyewe wa kuanza. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kwamba watoto wa miezi 18 humsaidia hata mtu mzima wasiyemjua. Humwokotea kitu kilichomponyoka na humfungulia mlango wa kabati mikono yake ikiwa imejaa, bila kupewa zawadi yoyote. Hamu ya kusaidia mtoto anakuja nayo.

Sisi ndio tunaoizima, kwa kauli ndogo ndogo: "Toka hapo, utalowa." "Nenda ukacheze nimalize." Akisikia hivyo kwa miaka mitano, anaamini kwamba kazi ni za wakubwa na pake yeye ni mbele ya televisheni. Ukimwita ana miaka minane, unamwomba arudi mahali ulipomfukuza mwenyewe.

Basi mpe kitu cha kweli, kidogo. Apeleke vijiko kwenye kabati, atie nguo chafu kwenye kapu, apange viatu jozi jozi mlangoni, awamwagie kuku mahindi. Mnunulie ufagio wake mfupi wa nyasi, usiwe wa plastiki wa kuchezea, maana anajua tofauti. Kazi itachukua muda mara mbili na sakafu utaipitia tena. Vumilia. Kwa umri huu unalea hamu, na hamu hiyo ndiyo utakayoitegemea baadaye.

Hatua ya 2: Pima kazi kwa mwili wake

Mwenye miaka minne au mitano anaweza kuokota mayai, kupangusa meza, kukunja taulo na soksi, na kumwagilia sukuma wiki zilizopandwa kwenye gunia. Kuanzia sita hadi minane, aoshe vikombe na sahani, atandike kitanda, afagie chumba, apake viatu rangi, afue soksi zake, aende duka la jirani. Mara za kwanza mpe pesa kamili, akizoea mpe pesa ya kurudisha chenji. Miaka tisa hadi 12 ni umri wa chai, mayai ya kukaanga, kupiga deki, kufua sare na kupalilia. Kuanzia 13, mwachie mlo mzima na pasi.

Umri peke yake hautoshi, lakini. Angalia uzito na moto. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20 za maji, na mtoto wa miaka minane kwa kawaida ana kilo kama 25. Kumbebesha mtungi huo ni kumbebesha karibu mwili wake mzima. Mnunulie vibuyu vya lita tano, kimoja kila mkono, atembee wima. Jiko la makaa liwekwe pembeni, mahali pasipo pa kupita mtu, na sufuria ya maji moto isiinuliwe na mtoto ambaye mikono yake haijafikia kuishika pande zote mbili bila kuyumba. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda hata siku moja, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi. Dawa ya klorini ya kuoshea choo isichanganywe na siki wala na dawa nyingine ya choo, maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Pipa la maji lifunikwe muda wote kama nyumbani mna mtoto anayetambaa.

Kuna mpaka mwingine, wa haki. Katiba yetu ya 2010, katika Ibara ya 53, inamlinda mtoto dhidi ya kazi hatari na ya kinyonyaji. Kazi ya nyumbani ikimnyima shule, usingizi au muda wa kucheza, imeshavuka mpaka. Anayeumia zaidi ni binti mkubwa: yeye alee mdogo, apike, afue, kisha afanye kazi ya mwalimu saa tano usiku kwenye taa. Kabla hujatafuta mbinu za kuwafurahisha wote, hesabu kazi za huyo mmoja kwa siku moja ya kawaida na umpunguzie. Hakuna mchezo utakaomfurahisha mtoto aliyechoka.

Hatua ya 3: Kaeni kikao, wagawane wenyewe

Chagua wakati ambao watu wameshiba. Jumamosi baada ya chai ni sawa kwa wengi. Kwa Wasabato, ambao usafi wao lazima uishe Ijumaa kabla ya jua kutua, Jumapili jioni inafaa zaidi. Chukua kalenda ya mwaka uliopita, geuza upande mweupe, kisha waulize watoto wenyewe: nyumba hii inahitaji nini ili tuishi? Wataje wao, wewe uandike. Utashangaa wanavyoona mengi. Mdogo atataja kitu kama "kuzima taa ya nje asubuhi," na kweli ni kazi.

Mkishamaliza orodha, kila mtu achague moja anayoipenda na iwe yake muhula mzima. Zile zisizopendwa, kama choo na sufuria nyeusi, zizunguke kila wiki, na mzazi naye awemo kwenye mzunguko. Hilo la mwisho usiliruke. Mtoto akimwona baba yake zamu ya choo ikifika anachukua brashi bila kunung'unika, umemaliza nusu ya mabishano ya mwaka.

Kisha wape vyeo. Watoto wa Kenya wanajua gavana ni nani na waziri hufanya nini, na cheo wanakipenda kweli. Nitaeleza kimoja kwa kirefu kwa sababu kimeleta matunda makubwa kwangu. Huku Kisumu mabomba hukauka bila taarifa, kwa hiyo kila nyumba inaishi kwa akiba ya mitungi. Teua Waziri wa Maji. Kazi yake si kubeba, ni kujua. Kila jioni anakagua mitungi, anaigonga kwa kiganja asikie iliyojaa na iliyo tupu, anaandika kwenye karatasi ya ukutani: miwili imejaa, mmoja nusu, wa jikoni umekwisha. Wakati wa chakula anatoa ripoti. Na waziri ana mamlaka ya kweli. Siku maji yakiwa machache anasimama na kusema, "Baba, leo ni ndoo nusu ya kuoga," na baba anatii. Tena anatii mbele ya watu.

Hapo ndipo motisha ilipo. Mtoto anajua kwamba akisahau kukagua, nyumba itaamka bila maji ya chai. Kazi inayoonekana ni ya kumweka tu busy haimshiki. Inayomshika ni ile ambayo isipofanyika kila mtu anaihisi. Cheo kingine kinachofaa kando ya ziwa ni Mlinzi wa Kamba. Mvua yetu hupenda kuja alasiri baada ya joto la mchana, na anayeona wingu kwanza anapiga ukelele, nyumba nzima inakimbilia nguo. Nakuru mlinzi huyo huyo atapambana na vumbi la kiangazi: ageuze nguo ndani nje, azitoe mapema kabla upepo haujazidi.

Hatua ya 4: Fanyeni bega kwa bega kabla ya kumwachia

Mzazi akisema "nenda ukaoshe vyombo," anaona kazi moja. Mtoto anaona mlima: mafuta, makombo, visu, sufuria iliyogandamana, maji ya kuteka, na giza nyuma ya jiko. Vunja mlima huo mbele yake, mkiwa wawili.

Tandika gunia au turubai uani, weka beseni mbili na trei ya kuchujia maji. Kwanza makombo yote yaende kwa kuku au kwenye ndoo ya taka. Halafu glasi na vikombe, maji yakiwa bado masafi. Kisha vijiko, kisha sahani, na visu uvioshe wewe. Beseni ya pili ni ya kusuza tu, na maji yake yakianza povu, yanamwagwa kwenye sukuma wiki na kuwekwa mengine. Sufuria huja mwisho. Wiki ya kwanza wewe unaosha, yeye anasuza na kupanga. Wiki ya pili mnabadilishana. Baadaye unakaa karibu ukichambua mboga, huku yeye akimaliza mwenyewe. Usikimbilie kuondoka. Upweke ndio unaowachosha watoto kuliko maji ya sabuni.

Sufuria ya ugali ina elimu yake. Ukishapakua, una njia mbili: ama uimwagie maji papo hapo ilowe, ama uiache juu ya makaa yanayozimika, ukoko ukauke na kujibandua wenyewe pembeni. Njia ya pili ndiyo ya watoto. Mpe mwiko, atie ncha yake chini ya ukingo ulioinuka, azunguke polepole, akijaribu kuutoa ukoko mzima bila kuuvunja. Ukitoka mzima kama bakuli, ni wake aule, na sufuria imebaki karibu safi. Nimeona wakigombania sufuria ambayo kila nyumba huikimbia. Mnaopikia kuni, mpeni mtoto jukumu lingine kabla ya mapishi: aipake sufuria sabuni au udongo mwembamba upande wa nje. Masizi yatashika juu ya ule udongo na baadaye yatatoka kwa kusuguliwa kidogo. Anaipenda kazi hiyo kwa sababu anaona hila yake ikifanya kazi.

Hatua ya 5: Kazi za kukaa chini ziwe za mazungumzo

Kama una nafasi ya kuanza na jambo moja tu wiki hii, anza na hili.

Kuna kazi ambazo hufanywa na mikono huku mdomo ukiwa huru: kuchambua maharagwe, kuchuma majani ya mrenda kwenye vijiti vyake, kupukuchua mahindi, kusafisha omena. Ziweke wakati ambao watoto wamerudi shule na wamekunywa kitu. Mkae kwenye mkeka au kwenye ngazi ya mlango, sinia katikati.

Omena zinafaa mno. Mwaga za kopo moja kwenye ungo mpana na mwambie atafute chochote ambacho si omena. Atapata kijiti, ganda dogo la konokono, nyasi, pengine samaki mwingine, fulu mdogo, aliyekauka akiwa amejipinda. Kila kimoja ni swali: huyu aliingiaje humu? Mwambie jinsi omena wanavyovuliwa usiku, wakivutwa na taa, na kwa nini ziwa likitazamwa kutoka ufuko wa Dunga usiku usio na mbalamwezi huonekana lina mji juu ya maji. Baada ya hapo omena husuzwa kwa maji ya uvuguvugu, mara kadhaa, mpaka mchanga uishe chini ya beseni. Mwachie yeye aamue kama umeisha kwa kupitisha vidole chini. Mtoto aliyekagua omena hivyo huzila, hata yule aliyekuwa akizisukuma ukingoni mwa sahani.

Lakini faida kubwa ni maneno yanayotoka. Mtoto ukimkalisha kwenye kiti na kumuuliza "shuleni kulikuwaje?" atajibu "sawa." Mkiwa mnachuma mrenda, macho yenu yote yakiwa kwenye majani, ndipo atakapokwambia kuhusu mwenzake anayemnyang'anya chapati, au hesabu asizozielewa, au hofu yake ya usiku. Usigeuke ghafla kumtazama. Endelea kuchuma. Naamini kabisa kwamba watoto wengi wa mji wangezungumza na wazazi wao zaidi kama tungewapa sinia la maharagwe badala ya simu.

Hatua ya 6: Tia mchezo ndani ya kazi

Mchezo mzuri unaifanya kazi yenyewe iwe bora, na mchezo mbaya unaifanya iharakishwe. Kwa mfano, kuwashindanisha ndugu wawili nani atamaliza kufagia kwanza huzaa vumbi chini ya kitanda na kilio. Afadhali washindane wote na saa au na redio: nyimbo tatu zikiisha, sebule iwe imekamilika. Muziki wa ohangla ukipigwa hakuna anayefagia polepole. Nyumba za Kakamega zina hazina yao, isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mtoto mmoja apige mdundo kwenye mtungi mtupu, wengine wafagie uwanja kwa hatua zake, kisha wabadilishane mpigaji.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni ya vizibo. Kabla hawajaanza kusafisha chumba, ficha vizibo kumi vya soda mahali ambapo ufagio au kitambaa lazima vifike: nyuma ya mguu wa kabati, juu ya fremu ya dirisha, chini ya zulia, ndani ya kiatu kilichotupwa. Waambie idadi. Chumba hakijaisha mpaka vipatikane vyote. Hutahitaji kukagua, maana vizibo vinakagua kwa niaba yako, na mtoto anajifunza pembe ambazo jicho lake huziruka. Wakubwa wakichoka na mchezo huo, waache wawafichie wadogo. Anayeficha naye anajifunza uchafu hukaa wapi.

Kwa nguo, cheza soko: soksi zote kwenye rundo, kila mmoja anatafuta jozi na "kuiuza" kwa mwenyewe kwa bei ya asante. Kwa kupiga deki, anza kona ya mbali na mrudi nyuma kuelekea mlangoni, anayekanyaga palipolowa anarudi mwanzo.

Siku za shule, dakika kumi na tano zinatosha. Mambo makubwa yangoje wikendi.

Hatua ya 7: Tahadhari na pesa na zawadi

Hapa wazazi wengi wanateleza kwa nia njema. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, huko Marekani, walichukua watoto wa chekechea waliopenda sana kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora. Siku za baadaye, walipoachwa huru, hao walioahidiwa walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hawakupoteza hamu. Ahadi ya malipo iligeuza jambo walilolipenda likawa kibarua.

Kwa hiyo usimlipe mtoto kwa kutandika kitanda chake wala kwa kuosha sahani aliyolia chakula. Hizo ni sehemu ya kuishi pamoja. Ukilipa leo shilingi kumi, mwezi ujao ataulizia ishirini, na siku huna, hutaoshewa. Furaha ya baadaye isiyotangazwa inafaa: mmemaliza usafi wa Jumamosi, twendeni Dunga tukaangalie mashua, au leo mahamri. Iwe matokeo ya siku njema, isiwe mshahara.

Kazi ambayo ungemlipa mtu wa nje, kama kufyeka nyasi au kuosha gari, unaweza kumlipa kijana wako kwa haki, bei mkikubaliana mapema. Na kama una uwanja, kuna kitu kinachoshinda malipo yote: mpe kuku jike, awe wake kabisa. Asikie kwamba mayai yakiatamiwa huchukua siku 21, aweke alama kwenye kalenda, asafishe banda, abadilishe maji, na vifaranga wakitoka awe ndiye mwenye kuamua wangapi wauzwe. Katika nchi ya Waluhya, mahali ambapo kuku ndiye heshima ya mgeni, mtoto ambaye kuku wake amechinjwa kwa ajili ya mjomba hukaa mezani ameinua kichwa. Lakini muombe kwanza. Ukimchinja kuku wake bila kumuuliza, umevunja kitu kisichojengeka upesi.

Hatua ya 8: Wavulana jikoni

Bado kuna maboma mengi ya huku ambapo mvulana wa miaka kumi akishika mwiko, shangazi anauliza kama dada zake wameisha. Nawaomba wazazi wasikubali. Mwanaanthropolojia Carol Ember alifanya utafiti miongoni mwa Waluo wa kusini-magharibi mwa Kenya na kuuchapisha mwaka 1973. Katika nyumba zenye upungufu wa wasichana, wavulana walipewa kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana: kulea, kupika, kuteka maji. Wavulana waliofanya kazi nyingi za ndani walionekana kuwa na ugomvi mdogo na kuwajali wenzao zaidi kuliko wavulana wengine. Beatrice na John Whiting nao, walipolinganisha watoto wa jamii sita za dunia kwa utafiti wa miaka ya 1950, waliwaona watoto wa Nyansongo, Kisii, waking'ara kwa kusaidia na kuwatunza wengine. Walihusisha hilo na kazi za kweli walizokabidhiwa, hasa kulea wadogo zao. Ushahidi huo ulikusanywa nyumbani kwetu, kutoka kwa watoto wetu.

Njia rahisi ya kumwingiza mvulana ni kupitia moto na ustadi: kuwasha jiko la makaa, kukaanga samaki bila kumvunja mkia, kusukuma chapati ziwe duara. Na mwanamume wa nyumba akipika hata Jumapili moja kwa mwezi, maneno yamekwisha.

Hatua ya 9: Sahihisha kitu kimoja, kisha nyamaza

Mtoto amefagia, ameacha vumbi pembeni, ufagio ameulaza chini, na taka hakuzitoa. Chagua kosa moja. "Umefagia vizuri katikati. Njoo nikuonyeshe kona hii." Mengine yangoje kesho. Usichukue ufagio na kurudia mbele ya macho yake, kwa sababu atajifunza kwamba jitihada zake hazihesabiki. Kama huvumilii, rudia akiwa amelala.

Sifa nayo iwe ya kile alichofanya: "Nimeona umekunja hata shuka la mdogo wako." Mtaje mbele ya nyanya yake kwenye simu, akisikia. Hakuna cheti kinachofikia hapo.

Na kamwe usigeuze kazi kuwa adhabu. Kuna shule ambako anayechelewa huambiwa asafishe choo, na mtoto anafika nyumbani akiwa tayari ameamini kwamba brashi ni ya mkosaji. Nyumbani choo kioshwe kwa zamu kwa sababu wote tunakitumia.

Siku atakayokataa, na itakuja, uliza kwanza kama ameshiba na kama ameumwa. Kisha mpe uchaguzi mdogo: sasa au baada ya kula, vyombo au kufagia. Kiboko hapana. Katiba, Ibara ya 29, imemlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na zaidi ya sheria, mtoto aliyechapwa kwa ajili ya vyombo huvichukia vyombo hivyo miaka mingi. Acha matokeo yenyewe yaseme pale yasipodhuru: ambaye hakufua soksi Jumamosi atavaa zilizolowa kidogo Jumatatu. Waziri wa Maji akisahau, asubuhi hakuna chai, na wewe pia usinywe.

Hatua ya 10: Patana na watu wazima wengine

Haya yote huvunjika haraka kama nyumba ina dada wa kazi ambaye huinuka kumtandikia kijana wa miaka 12 kitanda. Anafanya hivyo kwa kuogopa kuonekana mvivu. Kaa naye, mwambie waziwazi zipi ni kazi za watoto na kwamba hatalaumiwa kitanda kikibaki hivyo. Mtambulishe kwa watoto kama mwalimu wao wa jikoni, wamwite dada au auntie, wamwombe kwa heshima na kumshukuru. Mtoto anayeamrisha dada hawezi kupenda kazi, kwa sababu ameshajifunza kuidharau.

Nyanya yao naye mpigie simu kabla ya likizo ya Agosti, wakati mahindi ya sehemu nyingi za Magharibi yanavunwa. Nyanya wengi wakiona wajukuu wa mjini huwahurumia na kuwaacha walale mpaka saa nne. Mwombe awape kazi zenye jina: huyu wa ndama, huyu wa kuanika mahindi na kuyaingiza mvua ikinukia, huyu wa kupukuchua pamoja naye jioni. Watoto wakishapewa nafasi yao kwenye mavuno, wanarudi mjini wakiwa na mengi ya kusimulia kuliko waliokaa na rimoti.

Mwishowe, kazi ikishamwelea mtoto, mpandishe cheo. Aliyeosha vyombo miaka miwili amechoka kwa haki. Amfundishe anayemfuata, hatua kwa hatua kama ulivyomfundisha, gunia, beseni mbili, vikombe kwanza. Wewe usiingilie hata kama anasisitiza mambo ambayo hukuwahi kuyasema. Kisha mpe yeye Jumamosi jioni yote: bajeti ya shilingi mlizokubaliana, kapu, na njia ya soko la Kibuye. Achague mboga, apige bei na mama muuza nyanya, arudi, apike, apakue. Ukila, omba uongezewe.